Visima vya mvuke vinavyopinda: Vyuma vichache vinavyoamua gharama ya umeme na haki ya ardhi

UMEME unaowasha taa katika nyumba nyingi za Wakenya nyakati za usiku hauanzii kwenye nyaya wala transfoma. Huanzia kilomita mbili hadi tatu chini ya ardhi ya Olkaria, karibu na Naivasha, mahali ambapo maji yaliyochemshwa na joto la volkano hupanda kwa kishindo kupitia shimo ambalo, huko chini, lina upana wa shubiri moja tu.

Mjadala wa umma kuhusu shimo hilo umekuwa, kwa miaka mingi, mjadala wa megawati na mikopo. Wanasiasa huzindua mitambo, wakata utepe hupigwa picha, nao wananchi huuliza ni lini bili itashuka. Jambo moja limeachiwa wahandisi peke yao, kana kwamba halimhusu mlipa kodi: sehemu kubwa ya mashimo hayo hayashuki wima. Yanapindishwa kwa makusudi, na hatima ya kila kisima, yaani gharama yake, mvuke wake na hata ardhi inayopita chini yake, hutegemea kama mwinamo huo umedhibitiwa ipasavyo.

Historia ya Olkaria yenyewe ni ya subira. Visima viwili vya kwanza vilichimbwa mwaka 1956 na havikuzaa matunda yaliyotarajiwa. Kazi ilirejewa katika miaka ya 1970 kwa msaada wa Umoja wa Mataifa, na mtambo wa kwanza wa megawati 15 ukaanza kuzalisha umeme mwaka 1981. Baada ya hapo mwendo ulikuwa wa kobe, hadi ukame wa 1999 na 2000 ulipokausha mabwawa na kuitumbukiza nchi katika mgao wa umeme uliolemaza viwanda. Hapo ndipo serikali ilipotanabahi kwamba mvua si mdhamini wa kutegemewa. Olkaria II ilizinduliwa mwaka 2003, Olkaria IV mwaka 2014, Olkaria V mwaka 2019, na mtambo wa sita wa Olkaria I mwaka 2022. Leo Kenya ina zaidi ya megawati 900 za kawi ya jotoardhi, ikiwa ya kwanza barani Afrika, na zaidi ya asilimia 40 ya umeme wake hutokana na chanzo hicho.

Visima vya mwanzo vilikuwa vya wima. Upanuzi mkubwa ulioanza mwishoni mwa miaka ya 2000 ndio uliofanya kisima cha kupinda kuwa jambo la kawaida, na sababu yake ya kwanza ni ya kijiolojia. Mvuke wa Bonde la Ufa haukai ndani ya tangi. Hupenya katika nyufa za miamba, na nyingi za nyufa hizo zimesimama karibu wima kama kurasa za kitabu kilichowekwa kwenye rafu. Shimo la wima linaweza kushuka kilomita tatu sambamba na ufa bila kuugusa hata mara moja. Shimo lililoinama hukata kurasa kadhaa kwa mpigo mmoja. Tofauti hiyo ndiyo inayoweza kutenganisha kisima cha megawati nyingi na shimo kavu lililomeza mamilioni ya dola.

Kwa kawaida kisima cha Olkaria huchimbwa wima hadi takriban mita 400. Hapo huanza kupindishwa polepole, kiasi cha nyuzi tatu kwa kila mita 30, hadi mwinamo ufike karibu nyuzi 20. Kuanzia hapo kazi si kupinda tena bali kushikilia: nyuzi hizo 20 zinapaswa kubaki 20, au karibu na hapo, kwa zaidi ya mita 2,000 zilizosalia.

Hesabu yake si ngumu. Kisima cha namna hiyo chenye urefu wa mita 3,000 huishia takriban mita 850 kando ya pale kilipoanzia juu ya ardhi. Iwapo mwinamo utakosewa kwa nyuzi tatu tu katika sehemu hiyo ndefu, mwisho wa kisima utahama kwa zaidi ya mita 120. Huo ni umbali mkubwa kuliko urefu wa uwanja wa kandanda, na ufa uliokusudiwa pengine una upana wa mita chache.

Je, shimo lisiloonekana hudhibitiwa vipi?

Jibu limo katika sehemu ya mwisho ya msururu wa mabomba, ile ya mita mia moja na ushei inayotangulia chini ikiwa imeshikana na keekee. Sehemu hiyo hujumuisha mabomba mazito ya chuma yenye kuta nene, ambayo kazi yake ni kuikandamiza keekee kwenye mwamba, na stebilaiza, yaani vipande vifupi vyenye mbavu za chuma ngumu zinazogusa ukuta wa shimo pande zote. Mtu asiye mzoefu akiona vyuma hivyo vimelazwa kwenye uwanja wa mtambo atadhani ni shehena ya vyuma chakavu. Lakini mpangilio wake, hasa umbali kati ya stebilaiza moja na nyingine, ndio usukani.

Siri ni kwamba chuma hicho kinene, kwa urefu wa makumi ya mita na kikiwa kimebebeshwa tani kadhaa, hupinda kama ufito. Jambo hilo halikueleweka mapema. Katika miaka ya 1920, wachimbaji wa mafuta wa Seminole katika jimbo la Oklahoma, Marekani, waliamini kwamba visima vyao vilikuwa wima kwa kuwa walivianza wima. Vipimo vilipofanywa ilibainika kwamba vingi vilikuwa vimekwenda upande, na vingine viligongana huko chini. Ilibidi kusubiri hadi mwanzoni mwa miaka ya 1950 ndipo mhandisi Arthur Lubinski, mzaliwa wa Ulaya aliyefanya kazi Marekani, alipoonyesha kwa hesabu namna mabomba yanavyopinda chini ya mzigo na jinsi mpindo huo unavyoisukuma keekee. Mbinu zinazotumika Olkaria leo ni wajukuu wa hesabu hizo.

Mpangilio wa kwanza hutumika kuongeza mwinamo. Stebilaiza moja huwekwa karibu kabisa na keekee, kisha hufuata mabomba mazito ya mita 20 au zaidi bila chochote cha kuyashikilia. Mzigo ukiwekwa, mabomba hayo hulemea upande wa chini wa shimo, na kwa kuwa stebilaiza imekuwa egemeo, keekee huinuka kuelekea upande wa juu. Ni kanuni ile ile ya mkulima anayeng'oa jiwe shambani kwa mtaimbo uliolazwa juu ya kijiwe: akikandamiza huku, jiwe linapanda kule. Mzigo ukizidi, mwinamo huongezeka haraka zaidi.

Mpangilio wa pili ni kinyume chake, na kila mwashi ataufahamu mara moja, kwani ni timazi. Stebilaiza iliyo karibu na keekee huondolewa, na ya kwanza huwekwa mita 10 hadi 20 juu. Uzito wa mabomba yaliyoning'inia chini yake huivuta keekee kuelekea kitovu cha dunia, na shimo hurudi taratibu kwenye wima. Hata hivyo, timazi hufanya kazi vyema tu mzigo ukiwa mwepesi. Mchimbaji mwenye pupa anayeongeza mzigo ili amalize kazi mapema huyapinda mabomba, na timazi yake ikageuka kuwa mtaimbo.

Mpangilio wa tatu ndio wenye uzito zaidi kwa Kenya. Stebilaiza tatu au zaidi hupangwa kwa karibu, moja nyuma ya keekee, nyingine mita chache juu yake, nyingine mita kama tisa zaidi. Sehemu hiyo hujaza shimo kama upanga ndani ya ala iliyobana: haina nafasi ya kugeuka, hivyo huendelea na mwelekeo ulioukuta. Huu ndio mpangilio wa kushikilia.

Wadadisi wanaotazama sekta hii kwa mbali huenda wakauliza: katika karne hii ya kompyuta, mbona taifa litegemee mbavu za chuma? Katika Bahari ya Kaskazini na kwingineko kwenye utajiri wa mafuta, vifaa vya kielektroniki huielekeza keekee huku mabomba yakiendelea kuzunguka, na mhandisi hufuatilia kila kitu kwenye skrini. Swali hilo ni la haki, na jibu lake ni joto.

Kifaa cha kupindishia kinachotumika zaidi ni mota inayoendeshwa na matope ya kuchimbia, ikiwa na kiungo kilichopinda kwa nyuzi moja au mbili. Mabomba husimamishwa yasizunguke, kiungo huelekezwa upande unaotakikana, na mota huizungusha keekee peke yake. Ndani ya mota hiyo mna mpira. Pamoja nayo huteremshwa kifaa cha kupimia ambacho hutuma habari juu kwa mapigo ya shinikizo ndani ya matope, mfano wa ngoma za kale zilizopeleka ujumbe kutoka kilima hadi kilima. Vifaa vingi vya aina hiyo hulemewa joto likipita nyuzi 150 au 175 za Selsiasi. Olkaria, huko chini, joto hupita 300.

Maji na matope yanayozungushwa hupoza shimo, ni kweli. Lakini miamba ya volkano imejaa nyufa, na mara kwa mara maji yote hupotelea humo bila kurudi juu. Isitoshe, wachimbaji wa Olkaria na Menengai huchanganya maji na hewa na povu ili kusawazisha shinikizo na kulinda nyufa zisizibwe na vumbi la mwamba. Hewa hubonyea kama mto wa sufi, hivyo mapigo ya shinikizo hufifia kabla ya kufika juu. Ngoma inapigwa lakini haisikiki.

Kwa sababu hiyo mota na vifaa vyake vya bei ghali hutumika katika sehemu ya juu, pale shimo linapopindishwa, kisha hutolewa. Zaidi ya mita 2,000 zinazofuata, ambamo mvuke wenyewe hupatikana, huachiwa mpangilio wa mabomba mazito na stebilaiza. Nchi inayochimba mafuta baharini inaweza kuusahau ufundi huo wa zamani na isipate hasara kubwa. Kenya haiwezi.

Tatizo ni kwamba stebilaiza haidumu. Miamba ya Bonde la Ufa husaga chuma kama jiwe la kunolea kisu. Mbavu zikipungua milimita chache tu, mpangilio uliokusudiwa kushikilia hubadilika tabia bila kumwarifu mtu. Ikiliwa ile iliyo karibu na keekee, shimo huanza kurudi wima. Ikiliwa ile ya katikati, shimo huanza kuinama zaidi. Mchimbaji aliyeko juu anaona mizunguko ile ile na mzigo ule ule, wala hajui kwamba huko chini upanga umelegea ndani ya ala.

Dawa ya tatizo hili ni ya bei nafuu mno: pete ya chuma yenye kipenyo kamili cha shimo, ambayo hupitishwa juu ya kila stebilaiza kila inapotolewa, ili ijulikane imeliwa kiasi gani. Haihitaji mkopo wa kigeni. Inahitaji nidhamu, daftari, na msimamizi anayeweza kukataa kifaa kilichochakaa hata kama kipya kiko bandarini Mombasa kikisubiri stakabadhi.

Jambo la pili ni kupima. Baada ya kifaa cha mapigo kuondolewa, mwinamo hupimwa kwa chombo kinachoteremshwa ndani ya mabomba na kutolewa tena. Kila kipimo humaanisha kusimamisha kazi, na mtambo wa kuchimba hugharimu makumi ya maelfu ya dola kwa siku iwe unazunguka au umesimama. Ushawishi wa kuruka kipimo kimoja au viwili ni mkubwa, hasa wakati ambapo wakubwa wanahesabu siku. Lakini wahenga hawakukosea waliposema samaki mkunje angali mbichi. Kosa la nyuzi moja likigunduliwa baada ya mita 50 hurekebishwa kwa kupunguza mzigo au kuongeza mizunguko. Likigunduliwa baada ya mita 500, msururu mzima hutolewa nje, mpangilio hubadilishwa na kuteremshwa upya, kazi ya nusu siku au zaidi. Wakati mwingine hakuna la kufanya ila kuacha kisima kiende kilikotaka chenyewe.

Hata kurekebisha kuna hatari zake. Shimo lililorudishwa kwa nguvu hupata kiwiko, nayo mabomba yanayozunguka husugua kiwiko hicho hadi yakwame au yachoke na kukatika. Aidha, mabomba ya kinga yanayotiwa saruji ndani ya kisima hulalia upande mmoja wa shimo lililopinda vibaya, saruji isienee sawasawa, na maji yanayobaki yamefungiwa humo hupanuka kisima kinapopata moto na kuyaponda mabomba. Hasara ya namna hiyo haionekani siku ya uzinduzi. Huja miaka baadaye, mvuke unapopungua na kulazimu kisima kingine kichimbwe.

Menengai, karibu na mji wa Nakuru, ilitoa funzo la aina yake. Shirika la Ustawishaji wa Jotoardhi (GDC), lililoundwa mwaka 2008, lilianza kuchimba huko mapema mwaka 2011. Visima kadhaa vilipofika takriban mita 2,100 vilikutana na magma, yaani mwamba ulioyeyuka, na vipande vya kioo cha volkano vikatoka pamoja na maji. Hakuna mpangilio wa stebilaiza unaoweza kuhimili hayo. Kinachowezekana ni kujua kwa uhakika kila kisima kilifika wapi hasa, si pale kilipokusudiwa kufika, ili kile kinachofuata kikwepe. Ramani ya magma ya Menengai haiwezi kuwa sahihi kuliko vipimo vya mwinamo vilivyoichora. Ikumbukwe pia kwamba miamba ya volkano ina madini yenye sumaku, hivyo dira huweza kudanganya hata pale mwinamo umepimwa vyema.

Gharama za haya yote hazibaki Olkaria. Kisima cha mita 3,000 huchukua takriban miezi miwili kukamilika, na fedha zake hutoka kwa mikopo ambayo mwishowe hulipwa na mteja kupitia bei ya umeme. Wiki moja iliyopotea kwa kurekebisha mwinamo, ikirudiwa katika visima kumi, si fedha za kuchezewa. Ni haki ya mwananchi kuuliza ni siku ngapi zilipotea kwa sababu ya miamba, na ngapi kwa sababu ya stebilaiza zilizopaswa kubadilishwa.

Lakini pengine suala la ardhi lina uzito zaidi ya hela.

Kisima cha kupinda kina faida moja ambayo haina mpinzani: kutoka kiwanja kimoja chaweza kuchimbwa visima vitatu, vinne au zaidi, kila kimoja kikielekea upande wake kama vidole vya mkono. Barabara ni moja, bwawa la maji ni moja, bomba la mvuke ni moja. Olkaria iko ndani na kando ya Mbuga ya Hell's Gate, iliyotengwa mwaka 1984, yenye majabali wanamozaana tai na wanyama wanaohitaji njia zao. Iko pia katika ardhi ambayo jamii ya Wamaasai imelisha mifugo tangu kabla ya kuwako kwa kampuni yoyote ya umeme. Mwaka 2014, vijiji vinne vilihamishwa ili kupisha Olkaria IV. Malalamiko ya wakazi kuhusu makao mapya yalifika hadi kwa Jopo la Ukaguzi la Benki ya Dunia na Benki ya Uwekezaji ya Ulaya, na ikabidi usuluhishi ufanywe.

Kila kiwanja kisichojengwa ni familia ambayo huenda isihamishwe. Ndiyo maana ahadi ya visima vya kupinda ina maana tu iwapo mwinamo unaweza kuaminika. Visima vinne vinavyoanza mita chache kutoka kimoja hadi kingine vinaweza kugongana vikikosewa katika sehemu ya juu, kama ilivyotukia Oklahoma. Mhandisi asiyeamini vipimo vyake ataomba nafasi zaidi, na nafasi zaidi ni malisho ya mtu.

Upande wa pili wa suala hilo haujajadiliwa vya kutosha. Sheria ya Kawi ya mwaka 2019 inaipa serikali ya kitaifa mamlaka juu ya rasilimali za jotoardhi, lakini inataka mrabaha ugawanywe: asilimia 75 kwa serikali hiyo, 20 kwa kaunti na 5 kwa jamii ya mahali. Katika kisima cha wima, neno "mahali" halina utata. Katika kisima kinachoishia mita 850 kando, lina utata mkubwa. Je, mahali ni pale mdomo wa kisima ulipo, au ni kule chini mvuke unakoingilia? Olkaria iko kusini mwa Kaunti ya Nakuru, si mbali na mpaka wa Narok. Kisima kilichochimbwa karibu na mpaka wowote, uwe wa kaunti, wa shamba au wa leseni ya kampuni, kinaweza kuuvuka bila mtu yeyote juu ya ardhi kuona.

Hofu hiyo si ya kubuni. Mwaka 1962, wakaguzi wa mafuta mashariki mwa jimbo la Texas waligundua mamia ya visima vilivyopindishwa kwa siri kuingia chini ya mashamba ya wengine. Wenye visima hivyo walikuwa wamevuna kwa miaka mingi mafuta yasiyo yao, huku juu kila mnara ukiwa umesimama ndani ya uzio wake kwa heshima. Mwaka 1990, Iraq iliishutumu Kuwait kwa kuchimba visima vya kuinama kuingia uwanja wa mafuta wa Rumaila, dai ambalo Kuwait ililikana. Shutuma hiyo ilikuwa miongoni mwa zile zilizotangulia uvamizi wa Agosti mwaka huo.

Hakuna anayedai kwamba jambo kama hilo limetokea Olkaria. Hoja ni kwamba njia pekee ya kuthibitisha lolote, liwe la kweli au la uzushi, ni rekodi ya vipimo vya kila kisima: mwinamo, mwelekeo na kina, kituo baada ya kituo. Rekodi hizo zipo, kwa kuwa bila hizo kisima hakiwezi hata kukamilishwa. Zinakaa katika afisi za wahandisi. Jamii inayongojea asilimia 5 yake haina njia rahisi ya kuziona, na kaunti inayopanga bajeti kwa asilimia 20 huenda haina mtu wa kuzisoma hata ikipewa.

Upo upande wa kutia moyo. Wakenya wamekuwa kundi kubwa zaidi miongoni mwa waliopata mafunzo ya jotoardhi nchini Iceland katika mpango ulioanza mwaka 1979, na Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi huko Nyeri kina taasisi yake ya mafunzo na utafiti wa kawi hiyo. KenGen, ambayo zamani ilitegemea wakandarasi kutoka nje kwa sehemu kubwa ya uchimbaji, sasa ina mitambo yake na imepata kandarasi za kuchimba Tulu Moye na Aluto Langano nchini Ethiopia, na visima vitatu nchini Djibouti kwa mkataba wa mwaka 2021. Kampuni ya umma kutoka Afrika Mashariki kuuza ufundi wa uchimbaji kwa majirani ni fahari ambayo haifai kubezwa.

Hata hivyo, fahari hiyo ina tundu. Mota, vifaa vya kupimia na mara nyingi wataalamu wa kuvisoma hukodiwa kutoka kampuni za kimataifa, na hulipwa kwa dola. Pengine hilo haliepukiki kwa sasa. Lakini mpangilio wa stebilaiza, unaotawala sehemu kubwa zaidi ya kisima, si teknolojia ya siri. Mbavu zilizolika zinaweza kuongezwa chuma kigumu kwa uchomeleaji na kusawazishwa katika karakana za humu nchini. Tajriba ya visima vya Olkaria na Menengai, yaani ni mpangilio upi ulishikilia mwinamo katika mwamba upi, kwa mzigo gani na kwa mita ngapi, ni hazina ambayo hakuna kampuni ya kigeni inayoimiliki. Ikiwa imetawanyika katika ripoti za kila siku zisizolinganishwa, kila kundi jipya la wachimbaji litaanza kujifunza upya kwa gharama ya umma.

Suala hili litahamia kaskazini hivi karibuni. Mafuta ya Lokichar Kusini, yaliyogunduliwa mwaka 2012 kupitia kisima cha Ngamia 1, yamebadilisha mwenyewe baada ya kampuni ya Tullow kukubali mwaka 2025 kuiuzia Gulf Energy mali zake za Kenya. Uzalishaji wa kiwango cha biashara utahitaji visima vingi, na ni rahisi kutabiri kwamba vingi vitachimbwa kutoka viwanja vya pamoja, kwa sababu zile zile za gharama na malisho. Sheria ya Petroli ya mwaka 2019 nayo inaahidi asilimia 20 kwa kaunti na 5 kwa jamii. Turkana imekwisha kushuhudia barabara zikifungwa na wakazi waliohisi kupunjwa. Wabunge watakaochunguza mikataba ya uzalishaji wana fursa ya kuongeza kipengele kimoja kifupi: kwamba rekodi ya vipimo vya mwinamo wa kila kisima iwasilishwe kwa mdhibiti na kwa serikali ya kaunti kabla ya pipa la kwanza kutoka.